Uzi, Paka na Magunia ya Mpunga

Mpunga ukishakauka na kuingia ndani, nyumba za Idete, kwenye bonde la Kilombero, hubadilika sura. Magunia hupangwa ukutani hadi karibu na dari, chumba cha wageni kinageuka ghala, na usiku taa ikizimwa unaanza kusikia vile vishindo vidogo vidogo juu ya viroba. Hapo ni Julai au Agosti. Maji yameshapungua bondeni, kuamia ndege kumekwisha, deni la palizi limelipwa au limeombewa muda, na mikono iliyokuwa kwenye tope tangu Desemba haina shughuli. Msimu wa panya na msimu wa kufuma kwetu huku ni msimu mmoja. Ndiyo maana ukipita asubuhi kuelekea upande wa Namwawala, hushangai kumwona mama kibarazani ana kroshia mkononi na paka miguuni.

Wapo wanaosema vitu hivyo viwili havikai pamoja. "Mama, huyo paka atakumalizia uzi," jirani atakwambia, na hajakosea sana. Kwa macho ya paka, uzi unaotikisika sakafuni ni mkia wa panya, na paka hajafundishwa kuacha mkia wa panya. Lakini ugomvi huu una suluhu. Anayefuma akiipanga nyumba vizuri, akajua saa za paka wake na akajua hatari ilipo hasa, atapata starehe ambayo sijaona mfano wake kwa gharama ndogo kiasi hicho. Nitaanza na paka, kwa sababu uzi unaweza kuununua wakati wowote, ila paka ukikosea kumchagua utaishi naye miaka kumi na zaidi.

Kama ndiyo kwanza unajifunza kufuma na bado unahesabu vitundu kwa kidole, usichukue mtoto wa paka. Utapewa bure, utaambiwa ni mzuri, na kweli ni mzuri, lakini mtoto wa paka huchezea kila kinachotembea mpaka atimize kama mwaka mmoja. Tafuta paka mzima, mwenye miaka miwili au zaidi, aliyekwisha kuzoea watu. Huyo ataitazama sindano yako kwa muda, atapiga miayo, kisha atalala. Jike hukaa zaidi karibu na nyumba. Dume asiyehasiwa huzurura, hupigana usiku na hurudi masikio yamechanika. Ila jike naye ana hesabu yake: mimba ya paka huchukua kama miezi miwili tu, huzaa watoto watatu, wanne, hata watano kwa mara moja, na anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka. Usipopanga mapema, msimu mmoja wa mavuno utakukuta na paka sita na bonge moja la uzi. Muulize afisa mifugo wa kata kuhusu kuhasi. Kama huduma hiyo haipatikani karibu, anza kutafuta wenyeji wa watoto hao tangu mama yao akiwa mjamzito. Katika bonde lenye mpunga kiasi hiki, mwenye magunia hakosekani.

Na usimchukue paka kwa kutegemea kwamba peke yake atamaliza panya. Panya shamba, yule ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro wamemfuatilia kwa miongo mingi, huzaa kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja mvua ikiwa nzuri. Hakuna paka wa kuimaliza hesabu hiyo. Utafiti uliofanyika vijijini Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha jambo la kufikirisha: kwenye kaya zenye paka na mbwa pamoja, panya walipunguza kutembea na kula karibu na nyumba, lakini kwenye kaya zenye paka tu, au mbwa tu, tofauti haikuonekana. Kinachofanya kazi zaidi ni hofu kuliko idadi ya panya wanaoliwa. Kwa hiyo kama mnaye mbwa, waache wazoeane. Inua magunia juu ya chaga, acha nafasi kati ya magunia na ukuta ili paka apite, ziba matundu. Baada ya hapo mwache paka afanye sehemu yake.

Sehemu hiyo haiongezeki kwa kumnyima chakula. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu imani hii imeenea: "Akishiba hatawinda." Paka huwinda kwa maumbile yake, shibe haimzuii, na paka mwenye njaa ndiye anayepanda mezani kuiba kitoweo na kutafuna kila kitu, uzi ukiwemo. Ugali mtupu haumtoshi. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea baadhi ya virutubisho vilivyomo kwenye nyama na samaki, na akivikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Sisi wa Kilombero hatuna kisingizio, samaki tunao. Vichwa vya perege na kambale vikichemshwa, miiba mikubwa ikatolewa, vikachanganywa na ugali kidogo, hicho ni chakula kizuri. Dagaa wakavu waliolowekwa kupunguza chumvi pia wanafaa. Maji safi yawepo kila siku, tena mbali kidogo na sahani ya chakula.

Sasa tuje kwenye uzi, na hapa naomba usisome kwa haraka.

Ulimi wa paka una miiba midogo migumu iliyoelekea nyuma, kooni. Ndiyo inayokwaruza akikulamba mkono. Miiba hiyo humsaidia kuchana manyoya yake na kukwangua nyama kwenye mfupa, lakini ina ubaya mmoja: kitu kirefu na chembamba kikishanasa ulimini, ni vigumu kwake kukitema. Kitaendelea kwenda ndani tu. Uzi wa kufumia unafaa sana kwa balaa hilo. Upande mmoja hunasa chini ya ulimi au tumboni, upande mwingine husukumwa mbele na utumbo. Utumbo unajikunja juu ya uzi kama kiuno cha suruali chenye mpira, na mwishowe uzi unaweza kuukata utumbo kutoka ndani. Paka wa namna hiyo huanza kutapika, hukataa kula, hujificha, hukunja mgongo. Bila upasuaji wengi hufa, na uzi ukiwa na sindano ya kushonea kwenye ncha yake, mambo huwa mabaya zaidi.

Ukimkuta paka na uzi unaotokea mdomoni, au unaotokea kule nyuma anakojisaidia, usiuvute. Mkono utakuwasha kuuvuta, lakini huujui mwisho wake umeshika wapi. Ukivuta unaweza kupasua kitu ndani. Mfungie mahali patulivu, usimpe chakula, tafuta mtu wa mifugo siku hiyo hiyo. Kutoka Idete hadi Ifakara siyo safari ya kuogopa kama ilivyokuwa zamani, na paka hubebeka vizuri kwenye kapu lenye mfuniko au boksi lililotobolewa matundu.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba, na vifaa vyake vimejaa uani. Chukua dumu la mafuta ya kula la lita tano, lile la plastiki lenye mpini. Lioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka harufu iishe, kwa sababu harufu ya mafuta ndiyo itakayomwita paka. Kata upande mmoja mlango unaotosha kupitisha bonge la uzi, acha sehemu ya chini bila kukatwa ili mlango ufunguke na kufunga kama bahasha. Ingiza uzi, utoe ncha kupitia mdomo wa dumu, funga mlango kwa kibanio cha nguo. Uzi utakuja mkononi mwako kwa kadiri unavyofuma, bonge halitembei sakafuni, na paka haoni cha kukimbiza. Ndoo ya rangi yenye mfuniko uliotobolewa katikati nayo inafaa, hasa kwa anayefuma kwa rangi mbili au tatu: toboa matundu mawili au matatu, kila uzi upite kwake usisokotane na mwenzake. Lainisha kingo za tundu kwa moto wa kiberiti ili plastiki isikwangue uzi.

Vipande ndivyo vinavyoponza wengi. Bonge utalificha, halafu ile mikia ya uzi uliyokata ukimaliza mstari utaiacha juu ya mkeka. Weka kikopo cha mabaki karibu na kiti, chenye mfuniko, na kila ukikata, kipande kiende huko kabla mkasi haujatua chini. Sindano zihesabu unapokaa na unapoinuka. Ukiitwa ghafla, mgeni kafika au wali unaungua, usiiache kazi kwenye kiti. Itumbukize yote ndani ya mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kufungia, uutundike msumarini. Nyumba yenye paka na watoto wadogo inahitaji msumari huo kuliko inavyohitaji kalenda ya ukutani.

Jambo la pili ni saa. Paka hulala zaidi ya nusu ya siku, na kazi yake kubwa huifanya alfajiri na jioni giza linapoingia. Kufuma wakati huo ni kumchokoza. Fuma kuanzia saa tatu asubuhi, ukishafagia na kuanika, hadi jua la mchana linapokuwa kali. Hizo ndizo saa ambazo yeye hata kelele za mashine ya kukoboa hazimwamshi. Jioni iache. Kwanza mwanga wa taa unaumiza macho kwenye uzi mweusi, pili mbu wa bondeni wanajulikana. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamewafuatilia mbu katika vijiji hivi vyetu kwa miaka mingi, na mtu aliyekaa kimya kibarazani, miguu wazi, macho kwenye sindano, ni chakula kilichopakuliwa. Kama lazima ufume usiku, fumia ndani ya chandarua, lakini paka abaki nje ya chandarua. Kucha zake zikishika wavu, tundu moja linakuwa matatu.

Kabla ya kukaa, mchezeshe kwanza. Dakika kumi zinatosha. Gunzi la hindi lililokauka linaviringika vizuri, halifumuki nyuzi, na likichoka linakwenda jikoni kuwashia moto. Akishakimbia, mpe chakula. Paka aliyecheza kisha akala atajilamba, kisha atatafuta pa kulala, na hapo ndipo unapochukua kroshia. Ukiugeuza mpangilio huo, ukakaa kwanza kufuma naye ndiyo kwanza ameamka, usimlaumu.

Starehe yenyewe iko wapi, baada ya masharti yote hayo?

Iko kwanza kwenye kukaa. Mwanamke wa kijijini aliyekaa tu hana amani. Mama mkwe atamwona, wifi atamwona, mtoto atamtuma kwa baba yake na baba atamtuma kwa mtoto. Lakini mwenye kroshia mkononi anafanya kazi, hakuna ubishi, na akiwa na paka aliyelala mapajani ana sababu ya ziada ya kutoinuka. Nimekuja kuona kwamba paka ni mfanyakazi anayeonekana mvivu, na mfumaji ni mtu anayepumzika huku akionekana yuko kazini. Wakikaa pamoja, kila mmoja anamfichia mwenzake siri. Wanaume wanaofuma, na wapo, wataniambia kama kwao ni tofauti.

Iko pia kwenye sauti. Paka akiridhika hunguruma taratibu, mngurumo unaoingia kwa kuvuta pumzi na kutoka kwa kuishusha, na baada ya muda utaona mkono wako unafuata mwendo huo bila wewe kuuambia. Mvutano wa uzi unakuwa sawa. Vitundu vinalingana. Wanaofuma kwa hasira huvijua vitambaa vyao, maana vinajikunja pembe kama karatasi iliyolowa. Kisha kuna ule mtindo wake wa kukanda, mguu wa mbele mmoja halafu mwingine, kama alivyokanda tumbo la mama yake akinyonya. Anaweza kuukanda mkono wako, paja lako, au sweta unayoifuma. Akianza, mwekee kanga iliyokunjwa mara mbili juu ya mapaja kabla kucha hazijafika kwenye kazi. Usimpige. Kazi ya mkono ukiiingizia ugomvi haipendezi tena, wala paka hasahau.

Wakati wa baridi yetu, Juni na Julai, upepo unaposhuka asubuhi kutoka milima ya Udzungwa, atakuja mapajani mwenyewe. Novemba joto likipanda, hatakuja hata ukimbembeleza. Atajinyoosha kwenye sakafu ya saruji kama kitambaa kilichodondoka, mita moja kutoka kwako, jicho moja limefumba. Huko nako ni kukaa pamoja. Paka wengi hupenda kuwa chumba kimoja na mtu bila kuguswa, na kwa anayehesabu mistari hali hiyo ni bora kuliko ya mapajani, kwa sababu mikono yote miwili iko huru.

Sasa ufume nini kwenye bonde la joto, lililo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari? Swali hili huwarudisha wengi nyuma. Vitambaa vya makochi na meza ndivyo vinavyoongoza, na sina neno navyo, ila kila nyumba imeshavijaza. Mimi ningeelekeza mikono kwenye kofia na soksi za watoto wachanga. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupoteza joto haraka, hasa kichwani, hata kwenye nchi ya joto kama hii. Njia ya kangaroo, ya kumfunga mtoto kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ambayo ilianza mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, na sasa inatumika katika hospitali zetu, humtaka mtoto avae kofia, soksi na nepi tu. Kofia ya mtoto wa kilo moja na nusu humalizika kwa asubuhi moja. Tumia uzi laini wa pamba, maana akriliki haifyonzi jasho, na usiweke shanga, vifungo wala riboni ndefu. Vitundu viwe vimebana ili kidole cha mtoto kisinase.

Soko la sweta nalo lipo, ila wanunuzi wake ni wasafiri. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita bondeni kwetu Ifakara na Mlimba kisha inapanda kwenda Makambako na Mbeya. Mtu anayepanda treni kwetu na shati jepesi huteremka Makambako meno yanagongana. Mwenye mtoto wa kumpeleka shule ya bweni Njombe au Mufindi analijua hilo. Fuma sweta za watoto kwa oda, uchukue nusu ya fedha ya uzi kabla, na uulize rangi ya shule kwanza. Pale Ifakara wapo akina mama wenye chama chao wanaofuma vitambaa vya pamba kwa mitambo ya mkono. Kazi yao ni tofauti na hii ya kroshia, lakini kwenda kutazama wanavyopanga rangi ni shule tosha.

Kitu cha kuuza au cha kumpa mzazi kisiondoke na manyoya. Wapo watu ambao paka huwaletea mafua na kubanwa kifua, na mteja mmoja akipiga chafya mbele ya watu umepoteza kumi. Kazi ya mtu ikae kwenye mfuko wake, ifumwe juu ya taulo safi, ifuliwe ikimalizika, ianikwe mahali paka hafiki. Manyoya yaliyobaki huokotwa kwa utepe wa gundi uliozungushwa vidoleni, upande wa gundi ukiwa nje. Rangi nayo ifikirie: mwenye paka mweupe na uzi mweusi amejitafutia kazi ya pili.

Nisisahau sumu. Watu hununua sumu ya panya sokoni na kumfuga paka wakati huo huo, halafu paka akifa wanamsingizia jirani. Panya aliyekula sumu hulegea, hutembea ovyo mchana, na ndiye anayekamatwa kwa urahisi kuliko wote. Chagua kimoja: sumu au paka. Ukimchagua paka, ongeza mitego. Panadol ni sumu nyingine, na hii wengi hawaijui. Kidonge kinachokutuliza wewe kichwa kinaweza kumuua paka, kwa sababu mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo. Akiugua usimkatie hata robo. Na dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa usimpake. Tangu wafugaji walipoongezeka bondeni dawa hizo zimekuwa karibu kila boma, na nyingi zina viambato vya jamii ya permethrin, ambavyo mbwa na ng'ombe huvimudu ila paka hutetemeka, hupata degedege na kufa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa mpatie, maana jina limemtaja mbwa lakini ugonjwa haumwachi paka wala wewe uliyekwaruzwa. Timu ya chanjo ikija kijijini na mbwa wakipelekwa, mpeleke na yeye, ndani ya kapu, kabla foleni haijawa ndefu. Mama mjamzito aendelee kufuma na paka wake bila hofu, ila kinyesi cha paka akizoe mtu mwingine, kila siku. Kuna kijidudu kinachoweza kutoka humo na kumdhuru mtoto tumboni, na kijidudu hicho huhitaji siku moja au zaidi nje kabla hakijaweza kuambukiza. Kinyesi kikizolewa kila siku hatari inapungua sana. Mikono ioshwe baada ya kulima bustani, na nyama iive vizuri. Hayo mawili yana uzito kuliko paka mwenyewe.

Kwa majirani kuna maneno, hasa paka wako akiwa mweusi. Sitajidai kwamba maneno hayo hayapo. Dawa yake ni paka ajulikane: awe na jina linaloitwa kwa sauti, alale kwenu, asizurure usiku kwenye mapaa ya watu, na ikibidi umfumie ukosi mwekundu wa kroshia, mfupi, unaofungwa kwa kifungo kidogo kinachoachia akinasa kwenye tawi. Paka mwenye ukosi ni wa mtu. Na akiiba samaki wa jirani, lipa samaki, bila mjadala. Wazee walisema paka wa nyumba haingwi, lakini wa nyumba ya pili hufukuzwa kwa mchi.

Mvua zikianza na familia ikahamia shambani, kwenye kibanda cha kulindia mpunga, utatakiwa kuamua. Paka hushika mahali kuliko anavyoshika watu. Ukimhamisha kwa wiki mbili anaweza kukata njia kurudi na asifike. Kama yupo bibi anayebaki kijijini, mwache naye, umwachie dagaa. Kroshia moja na uzi wa rangi moja ndivyo vya kubeba shambani. Kuamia ndege kuna vipindi virefu vya kukaa, na kofia ya mtoto inaingia mfukoni.

Kazi ya kwanza kabisa iwe kitandiko cha paka mwenyewe, kwa mabaki ya uzi ambayo hayatoshi kitu kingine. Unganisha nyuzi mbili pamoja ili kitambaa kiwe kizito, anzisha mnyororo wa vitundu hamsini hivi, rudi na uende kwa mshono uliobana mpaka upate mraba, kisha fuma ukingo mzunguko mmoja. Ncha zote zichomeke ndani kwa sindano butu, sentimita kumi kila moja, usiache hata moja inaning'inia. Kabla ya kumtandikia, kilalie wewe usiku mmoja, au kiweke ndani ya mto wako, kipate harufu yako. Kisha kiweke kwenye kiti cha pili, sawa na urefu wa kiti chako, mahali anapoweza kukuona. Mara ya kwanza atakipita. Usimbebe kumweka. Kifue kila baada ya wiki mbili, ukianike kutwa nzima kwenye jua kali linalokausha mayai ya viroboto, na ukirudishe pale pale ulipokitoa.